Nishani za Bwana Hadli

Siku Bwana Hadli alipoondoka Urambo, alimwita Sikuzani sebuleni, ambamo hakikusalia tena hata kiti, akamkabidhi kijikasha cha ngozi nyeusi. Alikishika kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mwenziwe bakuli la uji wa moto.

"Chukua hii, Sikuzani. Hii si mali yangu," alisema. "Mume wako yuko ndani hapa."

Sikuzani alikipokea, maana mkono ulikwisha nyooshwa na kukataa kungekuwa utovu wa adabu. Lakini hakuelewa. Bwana Hadli alisema Kiswahili cha shambani, cha kuamrisha na kuuliza, na mara nyingi neno lilimponyoka likaenda asikokusudia. Labda alitaka kusema jambo jingine. Labda alisahau kwamba Sikuzani hakuwa na mume. Kabla hajamuuliza, dereva alipiga honi uani, na Mzungu yule mrefu akatoka, akapanda gari kwenda stesheni. Hakugeuka nyuma.

Sikuzani binti Mabruki alikuwa mzaliwa wa Tabora mjini, mtaa wa Gongoni. Alifika Urambo enzi za mpango wa karanga, akiuza chapati kwa madereva wa matrekta. Karanga ziliposhindikana, Wazungu wachache wakapewa mashamba ya tumbaku, na mmoja wao, Bwana Hadli, akamwajiri kutunza nyumba. Watu walimwita Kapteni, kwa sababu wakati wa vita alikuwa ofisa wa manowari. Alitembea katikati ya matuta ya tumbaku na miguu ameitanua, kana kwamba ardhi ya Urambo ingeweza kuinama upande wakati wowote. Hakuwa na mke. Hakuwa mkali, hakuwa mpole. Alikuwa mtu wa kukaa kimya.

Sasa ulikuwa mwaka wa sabini na tatu. Shamba lilikwisha ingia mikononi mwa kijiji cha Ujamaa, na Bwana Hadli alikuwa akirudi kwao. Sikuzani naye alifunga vitu vyake, akashika treni ya siku iliyofuata kwenda kwa mdogo wake, Saidi, aliyekuwa sonara hapo Gongoni. Njiani hakukifungua kile kijikasha. Alijua kilichomo. Alikuwa amekifuta vumbi miaka mingi.

Saidi ndiye aliyekifungua, mezani pake, kati ya koleo na tindikali. Ndani mlikuwa na nishani mbili zenye umbo la msalaba. Mmoja ulikuwa wa fedha tupu, una utepe wa buluu na nyeupe. Wa pili ulikuwa mweupe, kingo zake za dhahabu, utepe wake mwekundu.

"Dada," Saidi alisema, "Mzungu amekupa misalaba? Wewe binti Mabruki?"

"Amesema Yahaya yumo ndani."

Saidi alimtazama. Yahaya alikuwa shemeji yake, seremala wa Tabora aliyechukuliwa vitani akiwa bado kijana. Alikuwa askari wa mizinga. Mwanzo wa mwaka wa arobaini na nne, meli iliyowachukua kwenda kisiwa cha Seiloni ilizamishwa na Wajapani katikati ya bahari. Sikuzani aliitwa bomani akaambiwa. Maiti haikuwapo, kaburi halikuwapo. Alikaa eda, na baadaye aliolewa tena na mchuuzi wa Kigoma, ndoa ikavunjika, na kila alipoulizwa habari za mume alimtaja Yahaya tu.

"Pengine Mzungu ameanza kuchanganyikiwa," Saidi alisema. Akaugeuza ule wa fedha, akaukuna kidogo ukingoni. "Fedha ni safi, lakini. Nikuyeyushie bangili?"

"Ngoja kwanza. Nipe niuone nyuma."

Mwaka uliotangulia, Sikuzani alikuwa amehudhuria darasa la watu wazima pale Urambo. Alisoma polepole, kwa kidole. Nyuma ya msalaba wa fedha palichorwa tarakimu nne. Moja. Tisa. Nne. Nne.

Miaka yote aliyokuwa akiufuta msalaba ule, hakuwahi kuzisoma. Zilikuwa mikwaruzo tu.

Sasa alianza kukumbuka mambo, na kila alilokumbuka lilimvuruga zaidi. Zamani kijikasha kilikaa wazi juu ya rafu, wageni wakifika wanakiona. Kisha mwaka wa Uhuru, siku moja ya mvua, Bwana Hadli alikuwa akinywa chai barazani, akamuuliza kwa mara ya kwanza kama aliwahi kuolewa. Sikuzani akamwambia: mume wangu alikufa baharini, alikuwa askari wa mizinga, meli yao ilikuwa ikienda Seiloni. Bwana Hadli aliweka kikombe chini. Akatoka kwenye mvua bila kofia, akaenda hadi mabani ya kukaushia tumbaku, akakaa huko mpaka chai ikaganda utando. Kesho yake kijikasha hakikuwapo rafuni. Tangu hapo alianza kumwamkia Sikuzani yeye kwanza kila asubuhi, na hakumruhusu tena kumvua viatu vya shambani. Sikuzani alidhani ni kwa sababu ya Uhuru. Alidhani Wazungu wote wameambiwa wajirekebishe.

"Kamuulize Masolwa," Saidi alisema. "Yeye ndiye aliyekuwamo kwenye meli ile."

Masolwa alikuwa mkulima wa Usoke, Mnyamwezi mfupi wa kifua kipana. Alikwenda vitani pamoja na Yahaya na akarudi. Kila msimu wa asali alimletea Sikuzani kibuyu, popote alipokuwa, Urambo au Tabora, akakaa kidogo, akaulizia hali, akaondoka. Kuhusu meli alisema jambo moja tu, miaka mingi nyuma: Yahaya alikuwa amelala chini ndani ya meli, hakujua lolote, alikwenda usingizini. Neno hilo lilimsaidia Sikuzani kuishi.

Alipanda treni ya Kigoma, akateremka Usoke. Alimkuta Masolwa ameketi mbele ya nyumba, akifunga majani ya tumbaku kwenye vijiti.

"Mwangaluka, shemeji!" Masolwa alisimama kwa furaha. "Asali bado. Mbona umenitangulia?"

"Sikuja kwa asali, shemeji." Akaketi, akafungua kijikasha mapajani. "Bwana Hadli amenipa hizi. Amesema Yahaya yumo ndani. Unazijua?"

Masolwa hakuzigusa. Aliinama akazitazama.

"Mzungu yule wa Urambo? Yule mrefu anayetembea hivi?" Akatanua miguu.

"Huyo huyo."

"Nimesimama naye kwenye kituo cha kununulia tumbaku. Nimesimama naye mara nyingi." Akaketi chini, si kwenye kigoda, chini mavumbini. "Alikuwa wa manowari?"

"Wa manowari. Nyuma pameandikwa mwaka ule."

Masolwa alikiweka kando kijiti alichokuwa akifunga. Mkewe alitoka na maji ya kunywa, akawatazama wote wawili, akayaweka akarudi ndani.

"Shemeji," Masolwa alisema mwishowe, "mimi nilikuambia Yahaya alikuwa amelala."

"Uliniambia."

"Hakuwa amelala."

Akasimulia. Ilikuwa mchana, jua kali, bahari shwari kama sinia. Askari wengi walikuwa chini kwenye ukumbi, wanasikiliza mtu anapiga kinanda. Yeye na Yahaya walikuwa juu, kwa sababu Yahaya alitaka kuona jinsi mabaharia walivyounga mbao za sitaha. Useremala haukumtoka hata huko. Topido, bomu la chini ya maji, lilipopiga, meli iligawanyika ikazama kabla mtu hajamaliza kusoma shahada. Masolwa alijikuta majini, mafuta mazito yamemjaa machoni, na hakujua kuogelea. Akasikia mtu anamwita kwa Kinyamwezi chake kibovu cha mjini.

"Yahaya alikuwa amepata benchi. Benchi la kulia chakula. Ananiambia, 'Masolwa, njoo, kuna nafasi ya kukaa!' Anacheka, shemeji. Katikati ya maji yale, anacheka. Akanisukumia juu ya benchi, kifua changu chote kikawa nje. Yeye akashika pembeni, mwili wake majini. Akasema mimi mzito, nikiwa chini nitalizamisha."

Sikuzani alikuwa ameikunja khanga yake mkononi.

"Endelea."

"Manowari mbili za Waingereza zikaja. Tukashangilia. Yahaya akavua shati akalipunga. Lakini moja haikupunguza mwendo. Ilikuja moja kwa moja kwetu sisi, ikapita katikati ya watu, na nyuma yake ikaangusha mapipa. Sikujua ni nini. Baadaye, hospitalini Seiloni, nilielezwa: ni mapipa ya baruti, ya kuua nyambizi. Wajapani walikuwa wamejificha chini yetu. Yalipopasuka, bahari yote iliruka. Mimi nilikuwa juu ya benchi. Waliokuwa majini..." Aliweka kiganja juu ya tumbo lake. "Maji yale yaliwapiga ndani. Hawakuwa na jeraha. Yahaya alikuwa bado ameshika benchi, shemeji, lakini hakuwapo tena."

Kuku walikuwa wakichakura chini ya majani ya tumbaku. Sikuzani aliwatazama hao kuku kwa muda, kwa sababu hakujua pa kuyapeleka macho.

"Halafu?"

"Halafu manowari ikarudi, ikasimama. Na Mzungu mmoja akajitupa majini, yeye mwenyewe, ofisa, na nguo zake. Alinishika hapa," akagusa ukosi wa shati, "akanivuta hadi kwenye kamba. Akarudi akamvuta mwingine. Na mwingine. Alikuwa analia au ni mafuta, sijui. Sura yake sikuiona. Wote tulikuwa mafuta matupu."

"Ni yeye?"

"Sijui."

"Ni yeye aliyewavuta, au ni yeye aliyetupa mapipa?"

"Sijui, shemeji. Manowari ni hiyo hiyo moja." Masolwa alinyoosha kidole akakielekeza kwenye nishani, bila kuigusa. "Lakini ziko mbili. Pengine mmoja ni wa kuua na mmoja ni wa kuokoa. Kama ni hivyo, huo wa kuokoa ni wa siku yangu mimi."

Sikuzani alifunga kijikasha. Alitaka kumkasirikia Masolwa kwa uongo wa miaka yote ile, na alitaka kumshika mikono kwa kuwa ndiye mtu wa mwisho aliyeambiwa neno na Yahaya. Hakufanya mojawapo. Alisema tu, "Umenidanganya vizuri, shemeji," na mwenyewe hakujua kama hiyo ilikuwa lawama au shukrani.

Treni ya kurudi Tabora ilichelewa, na stesheni palikuwa na habari: reli ya Dar es Salaam imekatwa na mafuriko huko mbele ya Malongwe, abiria wa pwani wamekwama Tabora, na Bwana Hadli bila shaka ni mmoja wao. Sikuzani na Masolwa walitazamana. Masolwa alikuwa amekuja kumsindikiza hadi stesheni tu. Alinunua tiketi.

Ndani ya behewa hawakukaa pamoja. Kila mmoja alikaa dirisha lake.

Bwana Hadli walimkuta kwenye baraza ya hoteli ya reli, ameketi peke yake, sanduku lake karibu na mguu. Alipomwona Sikuzani alisimama haraka mno, kiti kikaanguka. Sikuzani alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, yote yakamtoka. Aliweka kijikasha mezani.

"Bwana, nimekuja na mtu. Huyu ni Masolwa wa Usoke. Alikuwa kwenye meli."

Bwana Hadli alimtazama Masolwa. Alimtazama kwa muda mrefu, usoni, kichwani, mikononi, kama mtu anayetafuta mlango gizani.

"Mimi sikujui," alisema.

"Hata mimi sikujui," Masolwa alijibu. "Ulikuwa mweusi kwa mafuta."

"Ndiyo. Siku hiyo wote tulikuwa weusi." Akainua kiti, lakini hakukikalia. "Nani alikushika?"

"Mzungu aliyejitupa majini. Alinishika ukosi."

 Bwana Hadli akaitikia kwa kichwa, mara moja, na Masolwa naye akaitikia. Hawakupeana mikono. Sikuzani alisubiri wapeane mikono, na walipokosa kupeana, hakujua kama amefarijika au ameumia.

"Kwa hiyo ni wewe uliyewaokoa," Sikuzani alisema. "Basi mapipa alitupa nani?"

Bwana Hadli alikaa sasa. Alisema polepole, akitafuta kila neno, na lilipokosekana alionyesha kwa mikono.

"Mimi sikuwa kapteni. Nilikuwa kijana. Kazi yangu ilikuwa chombo cha kusikiliza." Akagusa masikio yote mawili. "Chombo kinapiga sauti chini ya maji, sauti inarudi, mimi nasikia nyambizi iko wapi. Kapteni aliuliza mimi: iko wapi? Mimi nilisema: iko chini ya watu wale."

"Na ilikuwa chini yao?"

Bwana Hadli alingoja hamali mmoja mwenye magunia apite barazani.

"Nilisikia. Siku hiyo nilisikia, hakika kabisa. Tukatupa mapipa. Nyambizi haikutoka. Ilitoka baadaye, pale, mbali kidogo. Ndipo tukaipiga, ikazama."

"Kwa hiyo haikuwa chini yao," Sikuzani alisema.

"Labda ilikuwa, ikakimbia. Labda haikuwa. Nyuma yetu kulikuwa na meli nyingine zimejaa watu, askari na wauguzi, wanawake. Tungeiacha, ingepiga na hizo. Kapteni alisema hivyo. Kila mtu alisema hivyo. Mimi pia nasema hivyo." Akatazama mikono yake. "Nafikiri kila siku. Mimi sijui, Sikuzani."

Sikuzani alikuwa amemjua mtu huyu miaka yote, amemfulia mashati, amempondea dawa ya homa, amemsikia akikohoa chumba cha pili. Hakuwahi kumsikia akisema sijui.

Masolwa alifungua kijikasha. Sasa alizigusa nishani, kwa ncha ya kidole.

"Huu wa fedha ndio wa nyambizi?"

"Ndiyo. Wa siku ile."

"Na huu mweupe? Ni wa kutuvuta sisi?"

Bwana Hadli alitikisa kichwa.

"Hapana. Huo ni wa nyambizi nyingine, mwaka uliofuata. Walisema mimi najua kusikia vizuri." Alicheka kidogo, kicheko kikafa hapo hapo. "Kwa kuwavuta nyinyi hawakunipa kitu. Hakuna aliyeuliza."

Masolwa aliondoa kidole. Tangu Usoke alikuwa ameubeba ule msalaba mweupe moyoni, akidhani kuna mahali duniani palipoandikwa kwamba siku moja yeye aliokolewa. Aliinuka akaenda kusimama ukingoni mwa baraza, akiwapa mgongo.

"Tangu mwaka wa Uhuru umejua," Sikuzani alisema. Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, akaiacha ipande. "Siku ile ya mvua ulijua. Mbona hukuniambia? Nimekupikia, nimekutandikia kitanda, kila asubuhi unaniamkia, 'Habari ya asubuhi, Sikuzani,' na wewe unajua!"

"Niliogopa wewe utaondoka."

"Ningeondoka!"

Alilisema kwa nguvu, na mara tu lilipomtoka alijiuliza kama ni kweli. Mwaka ule hakuwa na pa kwenda. Na kama angeondoka, angekuwa ameondoka kwa mtu aliyemuua mumewe, au kwa mtu aliyeruka baharini na nguo zake? Alitafuta hasira yake ili aishikilie. Kila alipoikamata mkia, iligeuka kitu kingine.

"Sasa unataka nini kwangu? Nikusamehe?"

"Hapana."

"Nikushukuru?"

"Hapana, hapana. Sijui nataka nini. Nilitaka ziwe kwako. Nikirudi nazo kwetu, watu wataziweka kwenye kioo, watasema shujaa. Nikizitupa, ni kama nawatupa wao tena."

"Kwa hiyo mzigo umekushinda, ukaona umtwishe Sikuzani. Hata kunieleza nilichobeba hukunieleza."

Bwana Hadli alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na Sikuzani, kwa mazoea tu, nusura amwulize kama ameshakula. Alijishika. Badala yake aliuliza jambo ambalo hakuwa amelifikiria kabisa.

"Ni upande gani?"

"Nini?"

"Pale alipo. Kutokea hapa Tabora, ni upande gani? Miaka yote namwombea, sijui nitazame wapi."

Hapo Bwana Hadli alikuwa mtu mwingine. Alisimama, akatazama jua, akafumba macho kidogo kama anayehesabu, akageuka kidogo kushoto, akanyoosha mkono juu ya paa za mabehewa yaliyokwama stesheni.

"Pale. Mashariki, kaskazini kidogo. Unapita pwani, unaendelea, maji tu, siku nyingi. Pale."

Sikuzani alisimama pembeni yake akatazama. Hakukuwa na kitu ila mabehewa, na miti ya miombo, na mawingu ya mvua. Masolwa naye alisogea akatazama.  Sikuzani alijaribu kuleta dua, ikaja nusu.

Kisha alirudi mezani. Aliutoa msalaba wa fedha akaufunga kwenye pindo la khanga. Ule mweupe akaurudisha kijikashani na kukisukuma upande wa Bwana Hadli.

"Huu nitaushika, kwa kuwa wa mwaka wake. Huo mwingine siijui meli yake, wala wafu wake. Hao ni wako, nenda nao."

Bwana Hadli alikichukua kile kijikasha. Alitaka kusema neno, na pengine alilisema, lakini kwa lugha yake. Sikuzani alimuaga kama ilivyo desturi, akamtakia safari njema. Walipokuwa tayari barabarani Masolwa alirudi mbio hadi barazani. Sikuzani alimwona amesimama mbele ya yule Mzungu, akishika ukosi wa shati lake mwenyewe, akisema kitu. Masolwa alipomfikia, Sikuzani hakumwuliza amesema nini.

Baada ya wiki reli ilitengenezwa na Bwana Hadli akaenda zake. Hakuna habari zake zilizofika tena.

Hapo Gongoni mambo hayakutulia upesi. Mtaani ilisemwa kwamba dada yake Saidi amerudi na msalaba wa Mzungu. Lugembe, balozi wa nyumba kumi, alikuja kuuliza kwa upole kama ni kweli ndugu Sikuzani ametunukiwa na mabeberu, na ni kwa kazi gani. Sikuzani alimwambia ni kitu cha marehemu mume wake. Lugembe akauliza, mume wake alikuwa ofisa? Sikuzani akasema hapana, alikuwa seremala. Lugembe alikunywa kahawa akaenda, akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyokuja, na Sikuzani hakumlaumu.

Saidi alisoma hitma ya Yahaya nyumbani, watu wakaja, wakala pilau. Kwa mara ya kwanza Sikuzani alimlilia mumewe kama mtu aliyekuwa macho. Hilo lilikuwa gumu kuliko alivyotarajia. Yule aliyelala usingizini alikuwa amemzoea; huyu mwingine, aliyepunga shati na kushangilia manowari inayokuja, alimrudia hata akiwa sokoni anachagua nyanya. Siku nyingine alimwambia Saidi, "Leo uyeyushe, sitaki kuuona." Saidi akiwasha moto, Sikuzani anabadilika: "Acha." Siku nyingine alimwombea rehema yule kijana wa kusikiliza chini ya maji, kisha anajishangaa, anaomba msamaha kwa Yahaya. Akiulizwa kama alimsamehe Mzungu, alisema hajui. Akiulizwa kama anamchukia, alisema hajui. Watu walidhani anakwepa.

Msimu wa asali ulipofika, Masolwa hakuja. Sikuzani alisubiri, msimu ukapita nusu. Ndipo alipoelewa kwamba anaona haya, na kwamba yeye mwenyewe ndiye wa kwenda. Alimkuta mahali pale pale, anafunga majani ya tumbaku, na alipomwona hakusimama kwa furaha kama zamani. Alisimama kama mshtakiwa.

"Shemeji, asali yangu iko wapi?"

"Ipo. Nilidhani hutaitaka tena."

"Nimekuambia siitaki?"

Masolwa alileta kibuyu, akakiweka kati yao. Sikuzani alichovya kidole, akalamba.

"Ile safari," alisema, "unianzie mwanzo. Si kwenye maji. Anzia stesheni ya Tabora, mlivyopanda. Alikaa wapi? Mlikula nini?"

Masolwa alimkazia macho kuona kama anatania. Kisha akavuta kigoda, akakaa.

"Mbona mumeo aliudhi watu tangu Tabora!" alisema. "Hatujafika hata Itigi, amekwisha gombana na sajini kuhusu mlango wa behewa. Anasema umefungwa bawaba kinyume. Anataka bisibisi, ndani ya treni ya kijeshi! Sajini anamfokea, yeye anamwonyesha bawaba. Tukamwambia, Yahaya, kaa chini, tutaadhibiwa wote..."

"Akakaa?"

"Akae wapi! Aliufungua mlango mzima."

Sikuzani alicheka. Alicheka mpaka mke wa Masolwa akatoka nje kutazama kuna nini, na Masolwa akamwambia mkewe aketi naye asikilize, maana safari ilikuwa bado ndefu, na Dodoma walikuwa hawajaifikia.